Mdomo wa Mkoba

Kazi ya uzi mmoja si ya kila mtu, na Eulogia Epieyú hakuona haya kulisema hilo mbele ya wageni. Siku hizi wanawake wengi hufuma kwa nyuzi mbili pamoja. Kazi inakwenda mbio, mkoba unapelekwa kwenye maduka ya barabarani Uribia, mtalii ananunua bila kuuliza, na ukilegea, basi unalegea akiwa ameshafika kwao. Eulogia alifuma kwa uzi mmoja uliosokotwa ukakaza, kwa sindano ya kroshia iliyolika ncha, na alisema kwamba mkoba wake mkubwa ukiutia maji unakaa nayo mpaka mbuzi anywe ashibe. Hakuna aliyewahi kumleta mbuzi ajaribu. Lakini pia hakuna aliyewahi kumrudishia mkoba.

Ile mikubwa ndiyo iliyokuwa yake hasa: mikoba ya kubebea machela ya kulalia, gauni la kubadilisha, sufuria na nyama ya matanga, maana kwetu mtu haendi matangani kwa siku moja na harudi mikono mitupu. Alianza na kitako, duara dogo kama kisahani cha kahawa, akazungusha na kuzungusha bila kukata uzi. Duara lilipotosha kukaliwa na mtoto ndipo alipoanza kupandisha mwili, akiuchora nyayo za farasi aliyefungwa miguu, nyeusi juu ya nyekundu. Mwisho kabisa mdomo, na hapo ndipo alipokuwa mkali hata kwa nafsi yake. Kitanzi kimoja kikimkera, alifumua safu nzima.

"Kitako kikitoboka utashona," alikuwa akisema. "Mdomo ukichanika, mkoba huna."

Kitu kimoja tu hakukifanya, nacho ni mkanda wa begani. Mkanda husukwa kwa nyuzi nyingi zilizofungwa kwenye kidole gumba cha mguu, mtu ameketi kanyoosha mguu, anavuta. Vidole vya Eulogia vilikuwa vimeingiwa na baridi yabisi, havivutiki. Kazi hiyo ilikuwa ya mkaza mwana wake, Briseida Jusayú, na hapo ndipo penye mambo.

Briseida alikuwa akiishi kwa mama mkwe wake, kinyume cha desturi, kwa sababu kwetu mwanamume ndiye anayehamia kwa mke. Lakini kisima cha kwao kiligeuka chumvi mpaka mbuzi wakakikataa, na mumewe Wilfrido, mwana wa pekee wa Eulogia, alikuwa dereva wa lori, mtu wa kuonekana nyumbani kwa nadra kama mvua. Wanawake wawili wakaachiwa ua mmoja, banda moja la kivuli, na mtoto mmoja wa kupendwa, Yuleidis, aliyekuwa ameanza kung'oka meno ya mbele.

Tuseme ukweli, Eulogia hakumpenda Briseida. Alimwona mwepesi wa mkono na mwepesi zaidi wa ulimi, mtu wa kusuka huku simu kaibana begani, akicheka na dada zake walioko Maicao. Alimtafutia kosa kama unavyotafuta kiroboto kwenye blanketi, unajua kimo tu. Miaka ikapita, mikanda ikatoka imenyooka, mipana, imekaza. "Si mbaya," Eulogia alikuwa akisema, na kila aliposema ilimuuma.

Kanuni ya mkanda ni moja na kila msichana hufundishwa akiwa amefungiwa ndani anapovunja ungo. Uzi ukikuishia katikati, hufungi fundo. Unachambua ncha mbili, unazilaza pamoja, unazisokota juu ya paja mpaka zishikane zisijulikane. Inachukua muda na inachubua ngozi. Fundo ni rahisi, linajificha ndani ya msuko, macho hayalioni. Likipata mzigo wa maana, linateleza. Kwa hiyo Eulogia aliupapasa kila mkanda wa Briseida toka mwanzo hadi mwisho kabla haujatoka uani, naye Briseida aligeuza uso asije akasema neno.

Mkanda wa mkoba wa Fidelina Uriana peke yake haukupapaswa. Fidelina alikuwa jirani wa ng'ambo ya lambo, mwanamke mnene mwenye sauti ya kuitia punda, na alikuwa ametoa mbuzi jike mzuri wa maziwa ili apate mkoba ule. Siku ya kuuchukua, lori la kuwapeleka matangani lilikuwa limesimama nje limejaa watu, linapiga honi.

"Eulogia we! Fanya hima, maiti haingoji!"

"Maiti ndiye anayengoja kuliko watu wote," Eulogia akamjibu. Lakini lori likaanza kusogea, na Briseida ndiyo kwanza alikuwa anamalizia kuusuka mkanda na kuushona kwenye mdomo. Mkoba ukarushwa juu, Fidelina akaudaka akiwa ameshapanda.

Wenye msiba ule walikuwa watu wakarimu, nyama iligawiwa mpaka mbwa wakachoka. Fidelina alirudi na machela yake, furushi la nyama ya mbuzi, na juu ya hayo sufuria la chuma alilokwenda nalo. Anashuka kwenye lori, mkoba begani, mkanda ukaachia upande mmoja. Sufuria likatangulia. Kidole gumba cha mguu kikavunjika na ukucha ukang'oka, na kelele zake zilivuka lambo kabla mtu hajaleta habari.

Sasa, kwingine watu wangemfunga kitambaa wakampa pole. Kwetu kidole si neno, neno ni damu. Damu ya mtu ni ya wajomba zake, na ikimwagika wana haki ya kuidai, hata kama hakuna aliyekusudia. Anayedaiwa ni aliyekitengeneza kile kitu. Tena hakuna anayekubali kulaza nyumbani kitu kilichomtoa damu, kwa hiyo mkoba haukukaa kwa Fidelina hata kidogo. Mjomba wake mmoja aliuleta ameushika mbali na mwili kama panya aliyekufa, akautundika kwenye ua wa Eulogia.

"Kaa nao," akasema. "Sixto Pushaina atakuja na neno letu kesho kutwa. Atataka kujua kilichoachia ni mkoba au ni mkanda."

Sixto alikuwa mbeba neno, mtu wa kwenda na kurudi kati ya koo zilizokosana mpaka zipatane. Akishaitwa yeye, jambo si mzaha tena.

Eulogia aliuchukua mkoba, akaketi, akauvuta mdomo kwa mikono miwili, huku na huku. Mdomo ulikuwa mzima. Hakuna kitanzi kilichokatika, hakuna kilicholegea, ungeweza kumbebea ndama. Akashika ncha ya mkanda iliyokuwa ikining'inia imefumuka, akaipapasa, akalikuta. Fundo dogo, safi, nyuzi mbili zimefungwa pamoja. Lilikuwa limeteleza, na msuko wote wa pale ulikuwa umeachana.

Alifurahi. Nasema alifurahi, wala hakujificha nafsi yake. Miaka yote ile ya "si mbaya", na sasa kosa lilikuwa kiganjani mwake, dogo kama punje ya mtama. Alijiona tayari mbele ya Sixto, akilionyesha, na Fidelina akinyamaza, na Briseida akitazama chini kwa mara ya kwanza tangu aolewe. Akautia mkoba na mkanda wake kwenye kapu, akajimiminia kahawa, na kahawa ilikuwa tamu.

Hajamaliza kikombe, ikaingia pikipiki uani. Alikuwa Anselmo Jusayú, mjomba wa Briseida, mtu mfupi mwenye kofia kubwa. Kwa wasiomjua Anselmo, mwaka uliotangulia aliwahi kwenda kijijini Nazareth kumchukua mpwa wake mwingine, pamoja na watoto, kwa sababu ya ugomvi wa punda. Mume wa watu bado anawaomba mpaka leo.

"Mkwe, sikuja kukaa," akasema Anselmo, akakaa. "Nasikia kuna damu."

"Kuna kidole."

"Kidole cha Uriana ni sawa na mguu wa mtu mwingine, unawajua wale, mwamba ngoma ngozi huivutia kwake. Sasa nisikilize. Neno likiwa lenu Epieyú, nitawachangia, sisi ni wakwe. Likija kwangu, eti kwa sababu mpwa wangu kakusukia kamba, siku hiyo hiyo naleta lori. Namchukua yeye na mtoto."

"Kwa kidole, Anselmo?"

"Kwa dharau! Nimemwacha hapa kwa sababu ya kisima, si kwa sababu nimechoka naye. Anakufulia, anakuchotea maji, anakusukia mikanda unayoiuza wewe. Halafu damu iwe yetu? Ng'o! Nitakuwa mjomba wa namna gani?"

"Na Wilfrido?"

"Wilfrido akitaka mke anajua kwangu. Lakini mtoto ni Jusayú, mkwe. Hilo silo la kukufundisha."

Silo, kweli. Kwetu mtoto ni wa ukoo wa mama yake, mama wa baba ni mtu wa kupenda tu, hana dai. Yuleidis mwenyewe alikuwa ameshapanda juu ya pikipiki ya mjomba, anavuma kwa mdomo kama injini na mate yanamtoka kwenye pengo. "Bibi, nakwenda mbali!" akapiga kelele. "Kwaheri, bibi!"

Eulogia alimwangalia. Siku zote alikuwa akiwaza kumpata Briseida na kosa. Hakuwahi kuwaza kwamba mtoto yumo ndani ya kosa hilo hilo.

Anselmo alipoondoka, Briseida alitoka jikoni. Alikuwa amesikia yote, na uso wake ulikuwa umepauka.

"Mama, umeuangalia? Kimeachia nini?"

"Bado naangalia."

"Mkanda wangu haujawahi kuachia. Hata mara moja. Wewe mwenyewe huwa unaupapasa."

Eulogia akamtazama vizuri. Hakukuwa na hila usoni pale. Binti yule alilifunga fundo lile kwa haraka, lori linapiga honi, simu inalia, akalisahau kama mtu anavyosahau alivyokohoa. Alikuwa anaamini anachosema.

"Nenda kachote maji kesho mapema," Eulogia akamwambia. "Nenda na mtoto."

Asubuhi walipokwenda lamboni na punda, Eulogia alitoa kapu. Kwanza alilifungua fundo. Akachambua ncha, akazisokota juu ya paja lake mpaka zikashikana, akausuka upya mwisho wa mkanda kwa vidole vyake vibovu, polepole, akiuma meno kwa maumivu. Akaushona kwenye mdomo kama inavyotakiwa. Ukakaa barabara. Mtu angeishia hapo, mkoba ungekuwa mzima na mzuri, kazi ya kuringia.

Kisha akaanza kuuchana mdomo. Alivuta kwa nguvu zake zote, mdomo ukakataa. Akakanyaga mkoba kwa mguu na kuvuta mkanda kwa mikono miwili, ukakataa tena, na katikati ya taabu ile alijisikia fahari, akacheka peke yake. Ikabidi achukue kisu. Lakini uzi uliokatwa kwa kisu hujulikana, ncha yake ni safi, kwa hiyo kila alipokata aliisugua ncha juu ya jiwe la kusagia mpaka ikachakaa kama uzi uliochoka wenyewe. Alipomaliza, mkanda ulikuwa umetoka na kipande cha mdomo kimeng'ang'ania, na kwenye mkoba kumebaki pengo linaloning'inia vitanzi. Aliulegeza na upande wa pili kidogo, ili ionekane ni tabia ya mkono na si bahati mbaya. Alilia wakati huo. Hakuna aliyemwona, na alikuwa na haki ya kulia, maana mama yake aliyemfundisha kufunga safu zile alishakufa, na hakuwahi kufuma mdomo mbovu maisha yake yote.

Siku ya neno, banda lilijaa. Sixto alikuja na fimbo yake, akanywa kahawa vikombe viwili kabla ya kusema lolote. Fidelina aliletwa juu ya punda, mguu umefungwa matambara ukawa mkubwa kama boga. Ramiro, kaka yake Eulogia, alikuja kusimama kwa niaba ya ukoo, na Anselmo aliegemea nguzo, kofia usoni, amekuja kusikiliza tu, eti. Briseida alikaa nyuma na mtoto mapajani.

Sixto hakuwa akiona vizuri. Aliuleta mkoba karibu na pua, akaugeuza, akapapasa pengo.

"Mkanda ni mzima," akasema. "Kilichochanika ni mdomo."

"Si nilisema!" Fidelina akadakia. "Mbuzi wangu wa maziwa! Nimemtoa mbuzi wa maziwa nikauziwa chandarua!"

"Nyamaza, Fidelina, kidole hakijafika kwenye koo," akasema Ramiro, watu wakacheka. Kisha akamgeukia dada yake na hakuwa anacheka. "Eulogia. Hii ni kazi yako?"

"Yangu."

"Uliharakishwa? Kuna mtu aliyeushika baada yako?"

Alikuwa anamfungulia mlango, maskini, na Anselmo pale nguzoni akainua kofia kidogo. Eulogia aliusikia mguu wa Yuleidis ukigonga-gonga benchi.

"Hakuna," akasema. "Mdomo niliufuma mimi peke yangu. Mkono ulilegea."

 Wanawake waliokuja na mikoba ya Eulogia mabegani, nao hawakuwa wachache, walianza mmoja mmoja kuishusha na kuitazama midomo yake. Hawakufanya kwa ubaya. Mtu akisikia kuna nyoka nyumba ya pili hutazama chini ya kitanda chake.

Sixto alibeba neno upande huu na upande ule mpaka kivuli kikahama. Waliafikiana: mbuzi kadhaa, na mkufu wa mawe mekundu uliokuwa wa mama yake Eulogia. Ramiro aliutoa mkufu mwenyewe, akauweka mkononi mwa Sixto bila kumtazama dada yake. Anselmo alikuja kuaga, mchangamfu ghafla.

"Mkwe, pole sana. Uzee huu, tutafanyaje? Mbuzi mmoja nitaleta mimi."

Pikipiki yake ikatoka na vumbi. Mtoto alibaki uani akilikimbiza lile vumbi, kisha akarudi.

Baada ya hapo maombi ya mikoba mikubwa yalipungua, yakaisha. Waliokuwa wakimwagizia walisema watapita tena, na wengine walikwenda kwa mwanamke mmoja wa kule juu anayefuma nyuzi mbili. Eulogia alizisikia habari hizo. Aliendelea kufuma kwa sababu mikono haikujua kazi nyingine.

Aliyembadilikia ni Briseida, na alimbadilikia kwa wema. Aliacha kugeuza uso. Alimpikia uji wa mahindi mwepesi bila kuombwa, akamkanda vidole kwa mafuta ya mbuzi. Siku moja akaketi karibu naye kabisa, akamshika mkono.

"Mama, ungeweza kusema ni mimi niliyeuharibu mdomo nikishona mkanda. Ungenisukumia. Mwingine angefanya hivyo, na wewe hunipendi, najua. Lakini ulisema kweli." Machozi yalimlenga. "Mimi nilikuwa nakuogopa bure. Sasa sikiliza, usione aibu, kila mtu anazeeka. Ukifika mdomoni, niachie mimi. Nitakufumia."

 Yote yalikuwa pale kwenye ncha ya ulimi wa Eulogia, mkanda, fundo, jiwe la kusagia, yanadai kutoka. Angeyatoa, binti yule angeyabeba kwa mjomba wake kabla jua halijazama, si kwa ubaya, kwa kujitetea tu, na lori lingekuja.

"Haya, mwanangu," akasema.

Basi ikawa hivyo. Eulogia anafuma kitako na mwili, nyayo za farasi zikipanda safu juu ya safu, na akifika juu anamkabidhi mkaza mwana. Briseida anaufuma mdomo, mikono yake haina uzoefu, unatoka na mawimbi-mawimbi. Mikanda yake, Eulogia huipapasa akiwa peke yake, jikoni, na mara moja moja hufungua kitu, akakisokota upya pajani.

Yuleidis naye alianza kushika sindano, ingawa umri wake bado. Alikuwa na kibao chake kidogo, na kwa mwaka mzima alikuwa amekiweka kando ya goti la bibi yake. Mchana mmoja wa upepo alikinyanyua, akakivuta mpaka upande wa mama yake, akaketi, akatengeneza gauni lake vizuri kama mtu mzima.

"Mbona umehama?" Eulogia akamuuliza.

"Mama anasema mkono wako umelegea, bibi, nikikaa kwako utaniambukiza." Hakusema kwa dharau, alikuwa anaeleza tu, kwa huruma, kama anavyoelezwa mgonjwa. "Lakini usihuzunike. Nikijua vizuri, wewe utanifumia chini, mimi nitakumalizia juu."

"Yuleidis!" mama yake akamkemea. "Ndivyo mtu anavyosema na bibi yake?"

"Mwache," akasema Eulogia.

Akautazama mkoba mapajani mwake. Ulikuwa umefika juu, umekaza, hakuna kitanzi kilichopotea. Akachomoa sindano, akafunga uzi usitoke, akanyoosha mkono kuelekea upande wa pili wa banda.

"Njoo uchukue basi, mjukuu wangu," akasema. "Njoo umalizie."